Kufundisha vigawo vya mitajo ya aljebra kwa makundi: maswali ambayo walimu wenzangu huniuliza mara kwa mara

Nafundisha hisabati Kidato cha Kwanza na cha Pili katika sekondari ya kata hapa Tanzania. Darasa langu dogo kabisa huwa na wanafunzi zaidi ya hamsini. Kwa miaka kadhaa sasa nafundisha vigawo vya polinomia, hasa mitajo ya kipeo cha pili, kwa makundi ya kushirikiana, na kila tukikutana walimu wa hisabati maswali ni yaleyale. Nimeyaandika hapa na majibu yake, jinsi ninavyofanya mwenyewe.

Kwa nini vigawo, na si mada nyingine?

Kwa sababu jibu la vigawo huja na hakimu wake. Mwanafunzi akisema x² + 5x + 6 ni (x + 2)(x + 3), yeyote anayejua kufungua mabano anaweza kuzidisha akaona kama amerudi kule alikotoka. Hahitaji kitabu cha majibu wala kumsubiri mwalimu, na hana haja ya kujua aliyelitoa jibu alishika nafasi ya ngapi mtihani uliopita.

Kwenye mada nyingi kundi likibishana, mwisho wa yote hushinda mwenye sauti au anayeongoza darasa. Hapa mtoto aliyezoea kushika mkia anaweza kumwambia yule wa kwanza, "Zidisha tuone," na yule hana budi kuzidisha. Makundi yangu yote nimeyajenga juu ya maneno hayo mawili: zidisha tuone. Mengine yote ninayoeleza hapa chini ni namna ya kuhakikisha maneno hayo yanasemwa kwenye kila dawati.

Wanafunzi wawe wanajua nini kabla sijawagawa?

Kuzidisha namba chanya na hasi bila kukwama, kufungua mabano, na kuorodhesha jozi za vigawo vya namba. Mwanafunzi ukimwambia 24, akuandikie 1 na 24, 2 na 12, 3 na 8, 4 na 6, asiruke hata moja.

Mimi hutoa jaribio la dakika kumi. Moja ya maswali huwa ni kufungua (x + 4)(x − 7). Nusu ya darasa wakishindwa kufika x² − 3x − 28, makundi nayaahirisha. Kundi la watu wanne ambao wote hawajui hasi mara hasi litabishana kipindi kizima bila kufika popote, na litatoka limechukia makundi.

Kundi liwe na wangapi, na nani akae na nani?

Wanne. Wakiwa watatu, wawili huungana na mmoja akabaki mtazamaji. Wakifika sita, unakuwa mkutano. Wanne pia wanaendana na madawati yetu: wawili wa mbele wanageuka nyuma, kazi imekwisha, hakuna kuburuta meza.

Nachanganya uwezo, lakini sipangi kwa orodha ya matokeo waziwazi, maana watoto wanasoma haraka sana nani amewekwa kundini kama "kichwa" na nani kama "mzigo". Jambo moja nalisimamia kwa ukali: simweki msichana mmoja na wavulana watatu. Nimeliona mara nyingi mno. Anageuzwa mwandishi wa kundi, mwandiko wake unasifiwa, na hesabu hafanyi. Weka wawili wawili, au wote wanne wasichana.

Kundi likishapangwa nalikalisha wiki tatu au nne. Ukibadilisha kila kipindi, watoto hawafiki mahali pa kuambiana ukweli.

Mmoja anafanya, watatu wananakili. Nifanyeje?

Hili ndilo swali kubwa, na kama hujalipatia dawa ni heri ufundishe ubaoni kama zamani. Mtegaji hategi kwa sababu ni mvivu tu, anatega kwa sababu kazi ulivyoipanga imemruhusu.

Kwanza, kila mtu aanze peke yake. Dakika tano kimya, kila mmoja na daftari lake, hata kama anaishia kuandika jozi za vigawo tu. Kundi linaanza kuongea pale ambapo kila mmoja ana kitu cha kuweka mezani. Mwalimu mmoja wa Marekani, Uri Treisman, aliwachunguza wanafunzi wa chuo kikuu cha Berkeley, California, miaka ya 1970 kutaka kujua kwa nini wengine walifaulu somo gumu la hesabu na wengine, wenye bidii ileile, walianguka. Aliona kwamba wanafunzi wenye asili ya Kichina walijisomea wenyewe kisha wakakutana kukaguana na kusahihishana, wakati wenzao Weusi walijifungia kila mmoja na daftari lake. Alipowaandalia nao mahali pa kufanya maswali magumu pamoja, matokeo yao yalipanda sana. Mimi nimechukua mpangilio wake: peke yako, halafu pamoja.

Pili, namba. Kila mwanakundi ana namba, 1 hadi 4. Muda ukiisha nachota kikaratasi kwenye kikombe, kikitoka 3, basi namba 3 wa kundi lolote nitakalotaja anasimama ubaoni aeleze, na wenzake hawaruhusiwi kumnong'oneza. Hapo utaona yule hodari anavyohangaika kumwelewesha mwenzake dakika mbili za mwisho, maana hajui nani ataitwa.

Tatu, mhakiki. Kila swali lina mhakiki mmoja, na zamu inazunguka. Mhakiki haruhusiwi kutafuta vigawo. Kazi yake ni kuchukua jibu la kundi na kulizidisha lirudi, kwa kalamu ya rangi tofauti. Bila wino wa mhakiki jibu silipokei, hata kama ni sahihi. Cheo hiki kinawafaa sana wale wanaoogopa hesabu, kwa sababu kuzidisha wanakuweza, na ghafla wao ndio wenye neno la mwisho.

Unaweza kuonyesha kundi moja likifanya kazi?

Hii ni ya darasani kwangu. Swali lilikuwa 6x² + 7x − 3. Wanazidisha namba ya mwanzo na ya mwisho: 6 mara −3 ni −18. Wanatafuta namba mbili ambazo zao lake ni −18 na jumla yake ni 7. Msichana mmoja akasema 9 na −2. Wakaipasua sehemu ya kati:

6x² + 9x − 2x − 3

Wakapanga wawili wawili, wakatoa kigawo cha shirika, yaani kile kinachogawanya sehemu zote mbili, kila upande. Kijana aliyeshika kalamu akaandika:

3x(2x + 3) − 1(2x − 3)

Kimya. Mmoja akasema, "Mabano hayafanani." Mwingine akataka wafute waanze na namba nyingine, labda 6 na −3. Nilikuwa nimesimama nyuma yao, nikajizuia. Mhakiki, mtoto ambaye muhula wa kwanza hakuwahi kunyoosha mkono, akaweka kidole kwenye bano la pili akasema, "Hili fungua peke yake." Wakafungua: −1 mara 2x ni −2x, sawa. −1 mara −3 ni +3. "Sisi tulikuwa na −3," akasema. Kijana akafuta alama, akaandika − 1(2x + 3), na mara mabano yakafanana: (2x + 3)(3x − 1).

Kosa lile la alama nimelieleza ubaoni sijui mara ngapi maishani. Sijawahi kulieleza vizuri kama lilivyoelezwa na kidole kile. Na kama ningeingilia sekunde ishirini mapema, lisingeelezwa.

Kuna njia ya haraka ya kuhakiki?

Weka x = 10 pande zote mbili. Mtajo 6x² + 7x − 3 unakuwa 600 + 70 − 3, yaani 667. Vigawo vinakuwa 23 na 29, na 23 × 29 ni 667. Watoto wanalipenda hili kwa sababu ni hesabu ya shule ya msingi inayoamua ugomvi wa sekondari. Waonye wasitumie x = 0, maana sifuri inakagua namba ya mwisho peke yake. Wajue pia kwamba namba moja ikikataa, jibu ni baya bila ubishi, lakini ikikubali bado inafaa kufungua mabano, kwa kuwa majibu mawili tofauti yanaweza kukutana kwenye namba moja kwa bahati.

Sina vifaa. Nitumie nini?

Katoni. Omba maboksi dukani, yapo. Kila kundi linahitaji vipande vya aina tatu: miraba mikubwa ya x kwa x, vipande virefu vya x kwa 1, na miraba midogo ya 1 kwa 1. Mimi huikata 1 iwe sentimita 2, na x iwe sentimita 7.3. Hiyo .3 ni ya makusudi. Ukikata x iwe sentimita 8, watoto watapanga midogo minne kando yake na kutangaza kuwa x ni 4, na utatumia kipindi kizima kuwatoa huko.

Wape mraba mmoja mkubwa, virefu vitano na vidogo sita. Kazi: pangeni mstatili uliokamilika, bila tundu na bila kipande kubaki. Watahangaika, watagombana, mwishowe utapatikana mstatili wenye upande wa x + 2 na upande wa x + 3. Hapo vigawo vinaonekana kwa macho: ni urefu na upana. Halafu badilisha vidogo viwe saba, uwaache wajaribu. Hautapangika, na kuna kitu kinaingia kichwani pale ambacho ubao hauwezi kukiingiza.

Mambo haya ni ya kale. Al-Khwarizmi, aliyeandika Baghdad karne ya 9, na ambaye kitabu chake ndicho kilichotupa neno aljebra, alifumbua x² + 10x = 39 kwa kuchora. Mraba wa x, kisha 10x inagawanywa vipande viwili vya upana wa 5 vinabandikwa pande mbili. Pembeni panabaki pengo la 5 kwa 5. Ukiliziba kwa 25, una mraba kamili wa 64, upande wake ni 8, kwa hiyo x ni 3. Wape vijana wako katoni wafanye hivyo hivyo mkifika huko mbele.

Wanafunzi wanabahatisha namba mbili hadi kengele inagonga.

Wafundishe kuanzia katikati. Chukua x² + 20x + 91. Jumla ya namba mbili ni 20, hivyo nusu yake ni 10: namba moja iko chini ya 10 kwa kiasi fulani, nyingine iko juu kwa kiasi kilekile. Kiasi hicho kiite u. Zao lake ni (10 − u)(10 + u), yaani 100 − u², nalo ni 91. Basi u² ni 9, u ni 3, na namba ni 7 na 13. Po-Shen Loh wa Carnegie Mellon, Marekani, aliitangaza sana njia hii mwaka 2019, ingawa kutafuta namba mbili kwa jumla na zao lake walikuwa wanakufanya Wababeli zaidi ya miaka 3,500 iliyopita. Raha yake kwa makundi ni kwamba inaunganisha na tofauti ya vipeo vya pili viwili (kama hiyo 100 − u²), mada ambayo watoto huiona kama kisiwa peke yake.

Ile mbinu ya "mafundi" inafanyikaje?

Asili yake ni Austin, Texas, mwaka 1971. Mwanasaikolojia Elliot Aronson na wanafunzi wake waliibuni shule zilipoanza kuchanganya watoto Weusi, Weupe na wa asili ya Meksiko, na madarasa yakajaa uhasama. Walikigawa kipindi vipande, kila mtoto akashika kipande ambacho wenzake hawana, ikabidi wahitajiane.

Kwa vigawo inakaa kama imeshonwa. Nina kundi mama la wanne. Namba 1 anakwenda kuwa fundi wa kigawo cha shirika, namba 2 wa kupanga wawili wawili, namba 3 wa mitajo ya sehemu tatu, namba 4 wa tofauti ya vipeo vya pili viwili. Mafundi wa aina moja wanakaa pamoja dakika ishirini na karatasi ya mifano niliyowaandalia, wanajadili, wanajiuliza wataeleza vipi. Darasa likiwa kubwa usiweke mafundi kumi na sita sehemu moja, wapasue wanne wanne. Kisha wanarudi kundi mama kufundishana.

Pa kuwa makini ni maswali ya mwisho. Ukiwapa swali ambalo fundi mmoja anatosha, watatu watalala. Wape 3x² − 12: fundi wa kwanza anatoa 3, anabaki na x² − 4, hawezi kuendelea, anamgeukia namba 4, na jibu ni 3(x − 2)(x + 2). Wape 2x³ + 10x² + 12x, inayohitaji wa kwanza na wa tatu: 2x(x + 2)(x + 3). Nikiwa na darasa lililochangamka huwapa 2x³ + 6x² − 8x − 24. Hilo limevuka kiwango cha Kidato cha Pili, lakini mafundi watatu wakishikana linakatika: 2(x + 3)(x − 2)(x + 2).

Wazungumze Kiswahili au Kiingereza?

Mtihani wao ni wa Kiingereza, na najua baadhi ya shule zina adhabu kwa anayeongea Kiswahili. Mimi kundini nawaachia Kiswahili. Ubishi wa "mabano hayafanani" ulikuwa ubishi wa kweli kwa sababu mtoto alikuwa na maneno yake. Ukimlazimisha lugha ambayo bado anaitafuta, atanyamaza, na mwenye Kiingereza kizuri atachukua kundi hata kama hesabu zake ni mbovu. Anayeitwa ubaoni ndiye anayeeleza kwa Kiingereza, kwa sentensi ambazo kundi limemsaidia kuziandaa. Lugha ya mtihani wanaifanyia mazoezi, ila wakati wake ni ule ambao hesabu imeshaeleweka.

Kelele je? Mkuu wa shule akipita atadhani sifundishi.

Mwalike. Mwambie asimame karibu na kundi lolote dakika tatu. Kelele ya vigawo ikiwa nzuri ina namba ndani yake. Kelele ya mpira utaitambua mwenyewe.

Nitatoaje maksi bila kuonea mtu?

Maksi za kwenye kitabu cha alama ni za mtu binafsi, siku zote. Kumpa mtoto alama ya kundi ni dhuluma pande zote mbili. Nafanya jaribio la maswali matano kila mtu peke yake, kisha kundi linapata pongezi kwa jinsi wanakundi walivyopanda kutoka alama zao za awali. Aliyetoka 1 hadi 3 analiletea kundi lake zaidi kuliko aliyebaki kwenye 5 yake. Wazo hili la kuhesabu kupanda linatoka kwa Robert Slavin wa Johns Hopkins, na kwangu limefanya kazi moja kubwa: wenye uwezo wameanza kuwauliza wenzao jioni kama wamefanya mazoezi.

Mzazi analalamika mtoto wake hodari anapotezewa muda.

Lalamiko hili nalisikiliza, maana wakati mwingine lina ukweli. Kama kazi uliyotoa ni maswali ishirini ya aina moja, basi ndiyo, anapotezewa. Mpe swali ambalo naye litamkalisha: taja namba zote nzima za k ambazo x² + kx + 12 ina vigawo. Ziko sita: 7, 8, 13 na hasi zake. Akimaliza haraka, geuza: x² + 5x + c. Akisema 4 na 6 peke yake, mwulize kama c inaweza kuwa hasi. Atapata −6, −14, −24, halafu atakuja kukuambia kwa sauti ya chini kwamba haziishi.

Na mitajo isiyo na vigawo?

Iweke makusudi, bila kuonya. Mtajo x² + 5x + 7: jozi ya 7 ni 1 na 7 tu, jumla 8, au hasi zake, jumla −8. Hakuna 5. Kundi lijifunze kuandika "tumemaliza jozi zote, hakuna" na kulitetea, kama lilivyokwama mbele ya vile vipande saba vya katoni. Na x² + 4 usiisahau. Wengi wataandika (x + 2)(x + 2), mhakiki atafungua, atakutana na 4x ambayo hakuna aliyeileta.

Kesho nina vipindi viwili mfululizo, dakika 80. Nianze vipi?

Dakika 10 kufungua mabano. Dakika 20 katoni. Dakika 5 kila mtu peke yake kwenye x² + 7x + 10. Dakika 25 makundi na mhakiki: x² + 7x + 12, x² − 5x + 6, x² + x − 12, x² + 4x + 5, kwa mpangilio huo, na usiwaambie la mwisho lina nini. Dakika 15 kikombe na ubao. Dakika 5 za mwisho kila mmoja aandike kwenye kikaratasi swali moja ambalo bado linamsumbua, akupe anapotoka. Vikaratasi hivyo visome usiku huohuo, ndivyo vitakavyokupangia kipindi kijacho.